Jengo la Menlo Park: mzazi anapoacha mali nje ya trasti

Tarehe 10 Mei 1989, mzee mmoja wa California aitwaye Heggstad alitia saini hati mbili. Moja ilikuwa wosia. Ya pili ilikuwa hati ya kuunda trasti ya familia, yaani mpango ambamo mdhamini anashika mali kwa faida ya wengine, na hii ni ile ambayo mtu huianzisha akiwa hai na anaweza kuibadili au kuifuta wakati wowote kabla hajafa. Alijitaja mwenyewe kuwa mdhamini, na akamtaja mwanawe kuwa mdhamini wa kushika nafasi yake. Hati hiyo iliambatishwa orodha ya mali, Jedwali A, na namba tano ya orodha ilitaja fungu lake katika jengo la 100 Independence Drive, mjini Menlo Park.

Fungu hilo lilikuwa asilimia 34.78. Orodha ililiita fungu la ubia wakati ukweli lilikuwa sehemu yake katika umiliki wa pamoja wa kiwanja na jengo, lakini kasoro hiyo haikuwa chanzo cha ugomvi, kwa kuwa pande zote zilikubali kwamba mali inayosemwa ni hiyohiyo. Ugomvi ulitokana na hati ya tatu, ambayo mzee hakuiandika. Hakuwahi kuhamisha fungu hilo kutoka jina lake kwenda jina lake kama mdhamini wa trasti. Kwenye rekodi za ardhi liliendelea kuwa la Heggstad, mwanamume asiye na mke.

Mwezi mmoja hivi baada ya kusaini, alioa. Tarehe 20 Oktoba 1990 akafariki. Mke huyo hakutajwa kwenye wosia wala kwenye trasti.

Mahakama ya rufaa ya California iliamua kesi hiyo mwaka 1993, na tangu hapo jina la mzee limekuwa jina la ombi zima. Wakili wa mirathi wa California akikwambia "tutapeleka Heggstad", anamaanisha ombi la kumtaka jaji atamke kwamba mali fulani ni ya trasti ingawa haikuwahi kuandikishwa kwa jina la trasti. Familia nyingi hulifikia ombi hili zikiwa katika majonzi, mtoto ameshika faili la mzazi mkono mmoja na barua ya benki mkono wa pili, na vitu hivyo viwili havikubaliani. Huwa wanasimuliwa nusu ya kisa tu, ile ya mtoto aliyeshinda. Nusu ya pili ni ya mjane, nayo ina uzito uleule.

Kwanza tueleze kwa nini mali hubaki nje. Trasti haina nguvu ya kujivutia mali. Mtu akiisha kusaini hati, bado anatakiwa kuandika upya hati ya nyumba, kubadili jina la akaunti ya benki, na kuiarifu kampuni inayomshikia hisa. Wengi hufanya nusu ya kazi hiyo. Wengine huifanya yote, kisha maisha yakaendelea: wakanunua kiwanja kingine, wakafungua akaunti mpya, wakarithi kitu kutoka kwa ndugu. Sababu moja hujirudia sana Marekani. Mzazi anataka kubadilisha mkopo wa nyumba ili apate riba nafuu. Mkopeshaji anataka nyumba itolewe kwenye trasti kwanza, iwe kwa jina la mtu. Mkopo unakamilika, na hakuna anayekumbuka kuirudisha. Miaka kumi baadaye mzazi anafariki akiamini nyumba imo ndani.

Mali iliyobaki nje hufuata njia ya mirathi mahakamani, na California njia hiyo ni ghali. Sheria imepanga ujira wa wakili kwa asilimia: nne kwa dola 100,000 za kwanza, tatu kwa 100,000 zinazofuata, mbili kwa 800,000 zinazofuata, kisha asilimia inazidi kushuka. Nyumba ya dola milioni moja humpa wakili dola 23,000, na msimamizi wa mirathi naye ana haki ya kudai kiasi hichohicho. Jumla ni 46,000. Hesabu hufanywa juu ya thamani nzima ya nyumba bila kutoa deni, kwa hiyo hata ikiwa benki bado inadai dola 600,000, ujira unabaki uleule. Juu ya hapo shauri lenyewe mara nyingi huchukua mwaka au zaidi. Kwa gharama za namna hii pekee, mtoto wa Heggstad alikuwa na sababu ya kutotaka fungu la Menlo Park liingie huko.

Lakini kwake yeye gharama haikuwa jambo kubwa zaidi. Sheria ya wakati ule ilimlinda mke aliyeolewa baada ya wosia kuandikwa na ambaye hakutajwa ndani yake: alipewa kiasi ambacho angepata kama mumewe angefariki bila wosia. Katika kesi hii pande zote zilikubali kwamba kiasi hicho ni theluthi moja. Theluthi ya nini? Ya mali iliyomo katika mirathi. Kama fungu la Menlo Park lingekuwa nje ya trasti, lingeingia katika mirathi na mjane angepata theluthi yake. Likiwa ndani ya trasti, mjane hana chake hapo. Swali lililoonekana kama la makaratasi lilikuwa swali la nani apate nini, na kwa uzoefu wa kesi hizi karibu kila mara ndivyo lilivyo. Familia iliyopatana haigombanii neno "ndani" na "nje". Inayagombania pale ambapo mipaka ya neno hilo inamnyima mtu kitu.

Hoja ya mjane ilikuwa ya moja kwa moja. Ardhi haihamishwi kwa maneno. Mwenye kutaka mali yake iingie kwenye trasti aandike hati ya kuihamisha, na marehemu hakuandika. Ni hoja nzuri, na mtu yeyote aliyewahi kununua kiwanja atahisi ukweli wake.

Mahakama iliijibu kwa kutofautisha njia mbili za kuunda trasti. Sheria ya mirathi ya California inazitaja zote. Njia moja ni mwenye mali kuihamishia kwa mtu mwingine awe mdhamini. Hapo lazima mali itoke mkono huu iende mkono ule, na hati ya kuhamisha haikwepeki. Njia ya pili ni mwenye mali kutamka kwamba kuanzia sasa anaishika mali hiyo kama mdhamini, kwa faida ya wale aliowataja. Katika njia hii mali haiendi kokote. Ilikuwa mkononi mwake jana na imo mkononi mwake leo. Kilichobadilika ni nafasi aliyonayo anapoishika. Kumdai ajihamishie mwenyewe kitu alichonacho ni kudai jambo ambalo sheria haijalitaka.

Msomaji wa pwani hatapata shida kulielewa hili akikumbuka wakfu. Nyumba huwa wakfu kwa tamko la mwenye nayo, na kazi ya karatasi ni kushuhudia tamko. Tofauti ni kwamba kwa ardhi, sheria ya California haitosheki na mashahidi waliosikia. Inataka maandishi, yenye saini ya mwenye mali au ya mdhamini. Heggstad alikuwa vyote viwili, alikuwa amesaini, na mali ilikuwa imetajwa kwenye orodha iliyoambatishwa. Mahakama ikasema hiyo inatosha. Fungu likabaki la trasti, na rufaa ya mjane ikashindwa.

Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa sahihi kisheria. Mtu akikaa chini, akaiandika mali yake kwa anwani, akasaini kwamba anaishika kwa niaba ya wengine, kisha akafa, ni dhulma kusema hakumaanisha kwa sababu tu hakwenda kwenye ofisi ya kaunti. Lakini tusijifanye hakuna aliyeumia. Mwanamke aliolewa, akaishi na mumewe mwaka mmoja na kitu, akamzika, na sheria ikamwambia kwamba ulinzi wake unaishia kwenye mlango wa trasti. Tundu hilo lilikuwa kubwa, kwa sababu mume yeyote angeweza kumnyima mke mpya kila kitu kwa kuweka mali yake yote kwenye trasti kabla ya ndoa, hata bila kukusudia.

Baadaye bunge la California liliziba tundu hilo. Kwa waliofariki kuanzia tarehe 1 Januari 1998, mwenzi aliyefunga ndoa baada ya hati zote kuandikwa huhesabiwa fungu lake juu ya mirathi pamoja na mali ya trasti inayoweza kufutwa. Kuna nafasi za kutoka: kama marehemu alimwacha nje kwa makusudi na hati zenyewe zinaonyesha hivyo, kama alimpa kitu kwa njia nyingine badala ya urithi, au kama mwenzi alikubali kwa maandishi kuacha haki yake. Nalisisitiza hili kwa sababu watoto wengi husikia "Heggstad" wakadhani ni silaha dhidi ya mke wa pili wa baba. Kwa kifo cha leo, kuthibitisha kwamba nyumba imo ndani ya trasti hakumfuti mama wa kambo kwenye hesabu. Mnaokoa muda na ujira wa mirathi. Fungu lake huenda likabaki palepale.

Tangu 1993 mahakama zimeutanua uamuzi ule kidogo kidogo. Katika kesi ya Kucker ya mwaka 2011, hisa ambazo hazikutajwa mahali popote kwa jina zilihesabiwa kuwa za trasti, kwa kuwa mwenye nazo alisaini hati ya jumla ya kukabidhi mali yake yote, na sharti la maandishi linaloihusu ardhi haliigusi hisa. Katika Ukkestad ya 2015, hati ya trasti ilisema tu kwamba mwenye mali anakabidhi haki zake zote katika mali yake isiyohamishika. Mahakama ikakubali, kwa sababu rekodi za umma zilitosha kuonyesha ni viwanja gani alivyokuwa navyo. Kwa hiyo mtoto asikate tamaa akikuta Jedwali A ni tupu. Asome hati yote, sentensi kwa sentensi, pamoja na kila karatasi iliyobanwa nyuma yake, akitafuta kauli ya kukabidhi mali. Kauli ya jumla inaweza kuokoa nyumba, ingawa mali iliyotajwa kwa anwani huwa haina mabishano mengi.

Kuna karatasi moja inayowapotosha watu. Karibu kila trasti huja na wosia unaosema kwamba chochote kitakachokuwa nje siku ya kifo kiingizwe kwenye trasti. Watoto hupumua wakiuona. Wosia huo unasema mali iende wapi, basi. Hauipi njia ya kukwepa mahakama. Ni wosia kama wosia mwingine, na mali kubwa inayopita humo hupita kwenye mirathi kwanza ndipo ifike kwenye trasti.

Neno "kubwa" hapo lina kipimo chake, na kipimo kimebadilika. Kwa aliyefariki tarehe 1 Aprili 2025 au baada yake, ikiwa jumla ya mali iliyo nje haizidi dola 208,850, pesa za benki na vitu vinavyohamishika hudaiwa kwa hati ya kiapo tu. Kwa waliofariki kati ya 1 Aprili 2022 na 31 Machi 2025 kikomo ni 184,500. Lazima siku 40 zipite tangu kifo. Mdhamini anapeleka kiapo, cheti cha kifo na kitambulisho chake, na benki inamlipa bila jaji kuhusika. Na kwa kuwa wosia nilioutaja unaitaja trasti kuwa mrithi, mdhamini anaruhusiwa kusaini kiapo hicho kwa niaba ya trasti. Katika kuhesabu, mali iliyokwisha kuwa ndani ya trasti haihesabiwi, wala akaunti ya pamoja inayomwendea aliyebaki hai, wala akaunti iliyotajwa mtu wa kulipwa, wala gari. Gari lina fomu yake ya kiapo kwenye idara ya magari ya jimbo, nalo husubiri siku 40 vilevile.

Akiba ya uzeeni na bima ya maisha huenda kwa aliyetajwa kwenye fomu ya kampuni. Hapo trasti haina neno, na wosia hauna neno, isipokuwa kama aliyetajwa alikwisha kufa na hakuna mwingine.

Kwa nyumba aliyoishi marehemu kuna mlango mpya. Kwa vifo vya kuanzia 1 Aprili 2025, nyumba ya California iliyokuwa makazi yake makuu, yenye thamani isiyozidi dola 750,000, inaweza kupita kwa ombi fupi badala ya mirathi kamili. Thamani hapa ni nzima, bila kutoa mkopo. Katika kaunti za pwani kama San Mateo, nyumba za bei hiyo ni adimu, na hapo ndipo ombi la Heggstad linapobaki tegemeo. Mbali na pwani, mlango huu mpya utazisaidia familia nyingi ambazo zamani zingelazimika kulipa zile asilimia.

Tumrudie mdhamini aliyepata nyumba nje ya trasti, thamani imezidi vikomo vyote, na hati ya mzazi ina kauli ya kukabidhi. Ombi lake linakwenda chini ya kifungu cha 850 cha sheria ya mirathi. Ataambatisha hati ya trasti nzima, orodha, hati ya mwisho iliyosajiliwa ya nyumba, na kila ushahidi wa nia ya mzazi: bima ya nyumba iliyoandikwa kwa jina la trasti, barua kwa wakili, na kama nyumba ilitolewa kwa ajili ya mkopo, karatasi za mkopo zinazoonyesha kwamba ilitolewa kwa sababu hiyo. Ushahidi huu wa mwisho ni muhimu mno. Hati inayoitoa nyumba kwenye trasti, ikisomwa peke yake, inaweza kuonekana kama mzazi alibadili mawazo, na jaji ana haki ya kuuliza.

Notisi lazima iwafikie wahusika angalau siku 30 kabla ya kusikilizwa: wanufaika wa trasti, warithi wa kisheria, na yeyote anayedai au kuishikilia mali hiyo. Hapa nina neno kwa wanaoshawishika kumruka mtu. Mdogo wenu mliyekosana naye, mtoto wa nje ya ndoa ambaye baba alimtambua, mke wa mwisho, wote wapelekewe. Amri iliyopatikana bila kumpa notisi mwenye haki ni amri inayoweza kuvunjwa, na itavunjwa nyumba ikiwa tayari imeuzwa. Pia mdhamini hasimami pale kwa ajili ya nafsi yake. Akiwa mnufaika na mdhamini kwa pamoja, kama walivyo watoto wengi, bado anawajibika kwa wanufaika wote, hata wale asiowapenda.

Ombi lisipopingwa, mara nyingi jaji hulimaliza katika kikao kimoja. Likipingwa, linageuka kesi kamili yenye mashahidi, na hapo hesabu ya gharama inabidi ifanywe upya kwa ukweli. Nyumba ya bei ya wastani yenye warithi walewale kwenye wosia na kwenye trasti haistahili vita. Kila mtu atapata kilekile mwishoni, na wakati mwingine mirathi ya kawaida, pamoja na uzito wake, inaishia kuwa rahisi zaidi. Mirathi nayo ina faida moja ambayo husahaulika: msimamizi akishateuliwa, wadai wa marehemu wana miezi minne ya kuleta madai yao. Ikiwa mzazi alikufa na madeni yasiyojulikana vizuri, njia hiyo inaweza kuwafaa watoto.

Kwa wasomaji ambao wazazi wao walihamia Marekani wakiwa na shamba au nyumba nyumbani, ombi hili halifiki huko. Jaji wa California hana mamlaka ya kutamka nani ni mmiliki wa ardhi ya Kilifi au Tanga, hata kama mzazi aliiorodhesha kwenye Jedwali A kwa herufi kubwa. Ardhi hiyo inafuata sheria na msajili wa nchi ilipo, na shauri lake la mirathi litafunguliwa huko. Kenya, tangu marekebisho ya sheria ya wadhamini ya mwaka 2021, imezitambua wazi trasti za familia, na watu wengi sasa wanaziandikisha. Swali la kile kilichoingizwa na kile kilichosahaulika litawafikia warithi wao pia.

Jaji akikubali, kazi haijaisha. Amri iliyosainiwa hupigwa muhuri wa nakala halali, kisha inapelekwa kusajiliwa kwenye ofisi ya rekodi ya kaunti ilipo nyumba, pamoja na hati ya kiapo ya mdhamini mpya na cheti cha kifo cha wa kwanza. Kabla ya hapo kampuni ya bima ya umiliki, ile inayokinga dhidi ya kasoro katika umiliki wa nyumba, haitakubali kuiwekea nyumba bima, na bila bima hiyo mnunuzi wa mkopo hatapata mkopo. Kwa hiyo msisaini mkataba wa kuuza wala kupokea amana ya mnunuzi mpaka namba ya usajili wa amri iwe mkononi.